TUSIWAHUKUMU WATOTO KWA ULIMI WA WENGINE

Juma lililopita alifika ofisini kwetu hapa Izia mama mmoja muuza maharage. Hakuja kwa habari ya kadi wala ya michango. Alifungua kitambaa anachofungia fedha, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Ndugu zangu, nisomeeni hii vizuri. Nimesomewa na jirani, sikuridhika." Karatasi ilitoka shule anakosoma mwanawe, mtoto wa miaka 5 aliye darasa la awali. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto ana kasoro ya ulimi, hatamki maneno sawasawa, na mzazi atafute tiba kwanza kabla mtoto hajaendelea na masomo.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulisema leo, na twaomba wanachama na wapenzi wa Chama wasilione dogo ati kwa sababu halihusu uchaguzi wala bei ya mbolea. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ulimi wake amenyang'anywa shule, na sisi tulidai uhuru ili shule iwe ya kila mtoto.

Tulimwuliza mama, je, mtoto husema nini hata akaandikiwa hivyo? Akatuhesabia: husema mutu, mutoto, mulango. Husema lafiki badala ya rafiki. Husema zahabu badala ya dhahabu. "Na nyumbani mwasikilizana?" Mama akacheka. Mtoto huyo alilelewa na bibi yake kijijini mpaka mwaka jana, kwa Kifipa kitupu, na katika nyumba ile hakuna msimulizi wa hadithi anayemshinda.

Basi na tuyatazame maneno hayo, kwa kuwa ndiyo ushahidi wote uliotolewa.

Mfipa husema umuntu. Kiambishi chake kina irabu mbele na irabu nyuma, na kinywa kilichozoea hivyo, kikikutana na ile m ya Kiswahili inayosimama peke yake bila irabu, hukipa kile inachokikosa, likatoka mutu. Si ugonjwa, ni sarufi ya kwao. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, watu wazima husema mutoto, wakafanyia Kiswahili hicho biashara na sala na hotuba, na hakuna daktari aliyeitwa.

Hizi r na l nazo katika lugha nyingi za bara si sauti mbili zenye kutenganisha maneno kama zilivyo katika Kiswahili. Tena tusijifanye wageni wa jambo hili. Katika mikutano yetu wenyewe tumepata kumsikia msemaji mwenye ndevu zake akisimama jukwaani akawaomba wananchi wampe "kula", wananchi wakacheka, kisha wakampa kura. Hakupelekwa hospitali. Yeye alikwenda kwenye baraza, na mtoto wa miaka 5 akapewa karatasi nyekundu.

Ama zahabu, sauti za dh, th na gh zimeingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na watu elfu na elfu wa bara hawazitumii maisha yao yote. Mtu huuliza samani ya kitu akiwa ataka kujua thamani yake, na muuzaji hamletei kabati. Anayesema zahabu huuziwa dhahabu kwa bei ile ile.

Hatusemi haya ili kumwaibisha mwalimu yule. Twajua darasa lake lina watoto wangapi na madawati mangapi. Nasi pia tulipita chuo cha ualimu, si miaka mingi iliyopita. Tulifundishwa kuandaa somo, kuandika ubaoni kwa mwandiko ulionyoka, na kusahihisha madaftari. Namna ya kumsikiliza mtoto ambaye lugha ya shule si lugha ya mama yake, hiyo hatukuipata. Tulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha tulimsimamisha mvulana mmoja mbele ya darasa arudie neno "rarua" mpaka litoke sawa. Halikutoka. Wenzake walicheka, nasi tukawaacha wacheke tukidhani kicheko kitamsaidia. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja. Twaliandika jambo hili kwa aibu ili msomaji ajue kwamba hatuhubiri kutoka mlimani.

Sasa, kuna elimu juu ya mambo haya, tena si ya kubahatisha. Mwaka 2015 Nazneen Gangji na wenzake Michelle Pascoe na Mantoa Smouse wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitoa taarifa ya kazi iliyofanywa Dar es Salaam. Walichaguliwa watoto 24 ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili, wa umri wa kuanzia miaka 3 mpaka wanaokaribia kutimiza 6. Wakagawanywa katika vikundi 6, watoto wanne wanne, kila kikundi kikizidi kingine kwa miezi sita. Wakaonyeshwa picha za vitu wanavyovijua, wakavitaja, sauti zao zikanaswa, na kila sauti ikaandikwa kama ilivyotoka. Iligunduliwa kwamba irabu zote zilikuwa zimekamilika kwenye miaka 3, na konsonanti nyingi kadhalika. Sauti za s, z na h zilikawia mpaka miaka 4. Za mwisho kabisa, ambazo watoto walizipata wakikaribia miaka 6, zilikuwa mbili: th na r. Na kosa lililoonekana mara nyingi lilikuwa hilo hilo la kutia l mahali pa sauti nyingine.

Msomaji na alifikiri jambo hilo. Mtoto wa Dar es Salaam, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, anayeamka nacho na kulala nacho, aipata r akikaribia miaka 6. Mtoto wa Ufipa wa miaka 5, aliyekutana na Kiswahili mwaka jana, amechelewa nini? Hajachelewa hata siku moja. Karatasi nyekundu ilimdai deni ambalo halijafika siku yake ya kulipwa.

Watoto 24 ni wachache, na wote ni wa mji mmoja, na wenye kazi wenyewe waliiita ya kutangulia. Lakini ni kipimo kilichokatwa kwa kitambaa chetu. Kabla ya hapo, aliyetaka kumpima mtoto wa Kiswahili alilazimika kuchukua vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani. Kiingereza hurundika konsonanti mwanzoni na mwishoni mwa neno, na Kiswahili karibu kila silabi yake huishia kwenye irabu. Sisi tuna mb, nd, ng' na ny za kuanzia neno, na vipimo vya Kiingereza haviulizi habari zake. Ukimpima mtoto wetu kwa vipimo hivyo utamkuta na makosa asiyo nayo, na yale aliyo nayo yatakupita.

Kisha kuna adabu. Mtoto wa Ufipa amefundishwa kwamba mbele ya mtu mzima asiyemjua hunyamaza, hutazama chini, hungoja kutumwa. Mtu mzima mgeni akimwonyesha picha ya jembe akamwuliza, "Hiki ni nini?", mtoto hushangaa, maana ni wazi kwamba mzee huyo alijua jembe kabla yeye hajazaliwa. Anyamaza, na ukimya wake unaandikwa kuwa ni kosa. Mtoto yuleyule ukimwacha na wenzake chini ya mti, ukakaa mbali ukasikiliza, utasikia maneno ya kujaza gunia. Mwingereza Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya masimulizi ya Wafipa yakatoka kitabu kizima mwaka 1978. Watu ambao hadithi zao zimejaza kitabu si watu wa ndimi nzito.

Wala aibu hii si yetu peke yetu. Katika mji wa Ann Arbor, huko Marekani, watoto weusi walionekana shuleni kuwa wazito kwa sababu Kiingereza cha nyumbani kwao si kile cha mwalimu. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1979 jaji Charles Joiner aliamua kwamba shule imekosa kwa kutoijali lugha ya nyumbani, na kwamba walimu wafundishwe kuitambua. Mwaka 1983 chama cha wataalamu wa matamshi wa nchi hiyo kilitamka kwamba hakuna lahaja ya Kiingereza iliyo ugonjwa. Wale walihitaji kesi. Sisi tunaotawala shule zetu wenyewe, kwa walimu wetu wenyewe, hatuhitaji jaji kutuambia.

Tulikuwa tumefika hapa katika kuandika, nasi tumeridhika, alipoingia bibi mmoja wa mtaa huu huu na mjukuu wake wa kike, wa miaka 6. Habari ya mama wa maharage ilikuwa imemfikia. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Nanyi mnisikilize na mimi." Alituambia kwamba yeye shule haikumpa karatasi yoyote. Kila alipouliza aliambiwa, "Bibi, hicho ni Kifipa tu, ataacha akikua." Mjukuu huyu kuku humwita tutu, kaka humwita tata, na goti kwake ni doti. Tukamwuliza bibi, na Kifipa chake? Akajibu kwa ukali kidogo kwamba amelea watoto saba na wajukuu asiowahesabu, na hajapata kusikia Kifipa cha namna hiyo. Sauti zile zile anazozipoteza katika Kiswahili huzipoteza katika Kifipa. Anayemwelewa ni kaka yake mmoja, ndiye mkalimani wake bombani na dukani. Na sikio lake la kushoto lilitoa usaha masika mawili yaliyopita, likakauka, likatoa tena.

Hapo tulinyamaza. Tulikuwa tumeandika kurasa mbili za kumtetea mtoto asiye na ugonjwa, na huyu mwenye shida amezuiwa na maneno yaliyofanana na yetu. K na g hazimo katika zile sauti za kuchelewa. Kifipa kina k kama Kiswahili kilivyo nayo. Kusema "ni Kifipa tu" kwa mtoto huyu ni uvivu, na tena ni kukitukana Kifipa.

Kwa hiyo twasema mambo haya mawili kwa pamoja, wala moja lisichukuliwe bila la pili: asiye mgonjwa asifanywe mgonjwa kwa sababu ya lugha ya kwao, na aliye na shida asifichwe nyuma ya lugha ya kwao. Na njia ya kuwatenganisha wawili hao ni moja, ile aliyoitumia bibi bila kwenda chuo: msikilize mtoto katika lugha anayoijua kuliko zote, mlinganishe na ndugu zake na wenzake wa rika moja na nyumba za namna moja, wala si na mtangazaji wa redio. Kosa likionekana katika Kiswahili tu na Kifipa chake kikawa safi, mpe muda na mafundisho. Likionekana katika lugha zote mbili, fanya haraka.

Mwalimu asiyejua Kifipa aweza kuuliza. Mwaka 2012 Sharynne McLeod wa Australia na wenzake walitoa kipimo kisicho na picha hata moja. Mzazi huulizwa maswali saba: wewe mwenyewe wamwelewa mtoto huyu? Watu wa nyumbani je? Jamaa? Rafiki zake? Watu wanaomfahamu? Walimu? Wageni? Kwa kila swali hujibu kama ni daima, mara nyingi, mara nyingine, mara chache, au kamwe. Ni kazi ya dakika chache kwenye benchi la shule siku ya kuandikisha, kwa Kiswahili au kwa Kifipa au kwa Kimambwe, na mama asiyejua kusoma ajibu sawa na mwenye digrii. Mtoto wa mama wa maharage tulimwuliza hivyo: nyumbani daima, rafiki daima, mwalimu mara nyingine. Mjukuu wa bibi: kaka daima, bibi mara nyingine, wageni kamwe. Hapo yeyote aona tofauti.

Masikio pia yatazamwe, maana mtoto husema kile asikiacho, na sikio lenye usaha husikia nusu. Kinywa kitazamwe kwa mwanga, pengine kaakaa limepasuka na pumzi yatokea puani. Lakini twaonya kwa nguvu juu ya wale wanaokimbilia wembe. Kukata kimio hufanywa katika nchi hii kwa ajili ya kikohozi na kwa visingizio vingine, na matabibu wamesema miaka yote kwamba huleta damu isiyokoma na vidonda vibaya, na sauti ya k hairudishwi kwa kukatwa nyama ya koo. Wapo pia watakaosema mtoto amefungwa ulimi na jirani mwenye wivu. Jina la mji wetu lenyewe husemwa maana yake ni kuutupa uchawi. Basi tuutupe na hapa.

Twajua swali linalofuata: apelekwe kwa nani? Hapo serikali na sisi wote tuna kazi. Wataalamu wa matamshi katika Afrika Mashariki walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Makerere, Kampala, shahada ya kazi hiyo ilianzishwa mwaka 2008, na vijana wa nchi jirani nao wakapata nafasi. Chuo cha Muhimbili nacho sasa chatoa shahada ya mambo ya kusikia na kusema. Twafurahi. Lakini kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mafunzo ya matamshi si sindano ya siku moja, ni kwenda na kurudi kwa miezi. Mkulima wa ulezi hawezi. Kwa hiyo twawataka madiwani wetu walipeleke jambo hili kwenye Halmashauri, na wabunge walipeleke Wizarani: kila hospitali ya rufaa ya mkoa ipate mtaalamu mmoja wa matamshi, na anayeletwa Rukwa akae kwanza na wazee wa hapa ajue Kifipa chasemwaje kabla hajamwandika mtoto yeyote. Vyuo vya ualimu viweke somo hili. Na yafaa watoto wa Ufipa nao wasikilizwe kama walivyosikilizwa wale 24 wa Dar es Salaam, kwa lugha zao zote mbili, ili kipimo chao kiwepo.

Kuna wanachama watakaouliza kama tumeanza kurudisha ukabila kwa kukitetea Kifipa shuleni. La. Kiswahili kilituunganisha tulipokuwa makabila zaidi ya mia, nasi tutakifundisha kila mtoto wa nchi hii mpaka akiseme kama chake. Lakini ndugu, mlango haufunguliwi kwa kumpiga mtu nao usoni. Mtoto aliyechekwa kwa sababu ya r hatakipenda Kiswahili, ataogopa kufungua kinywa, na taifa litakuwa limempata raia bubu ambaye Mungu hakumwumba bubu.

Mama wa maharage tulimwandikia barua ya heshima aipeleke shuleni, na mwalimu, kwa sifa yake, aliipokea vizuri. Mtoto yuko darasani. Bado asema lafiki.

Mjukuu wa bibi amekwisha kwenda hospitali kwa ajili ya sikio, amepewa dawa na siku ya kurudi. Kwa habari ya k na g ameambiwa aende Dar es Salaam. Wanachama wa Izia wamechanga nauli ya mtoto na ya mama yake. Ya bibi haijatimia, naye amesema mtoto hatapanda basi bila yeye, kwa kuwa huko waendako hakuna mwingine wa kuwaeleza kile Kifipa kinachotakiwa kusikika. Twaona ana haki. Ofisi iko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi pia.